Sahani ya Kuonja

Msumari uliingia kwenye soli ya kiatu chake Jumatatu asubuhi, na yeye aliuona Jumatano jioni. Siku tatu alisimama juu yake, akapanda nao ngazi ya chuma na kushuka nao, na mguu haukumwambia kitu. Mkewe ndiye aliyeona damu kwenye soksi alipokuwa anafua. Alikwenda mlangoni, akakichukua kiatu cha kushoto, akaingiza mkono ndani, akautoa haraka. Ncha ilikuwa imechomoza, nyeusi, urefu wa punje ya mpunga.

"Huu haukukuuma?" aliuliza.

"Ungeniuma ningejua."

Jibu hilo ndilo lililompeleka kliniki. Mkewe hakubishana naye. Alivaa nguo yake ya ibada, akasimama mlangoni na mkoba mkononi, na mtu akishasubiriwa hivyo hana budi kuinuka.

Jina lake la kwenye kitambulisho lilitumika hapo kliniki tu. Kwingine kote aliitwa Pamba. Miaka ishirini na tisa alikuwa fundi wa mashine ya kukoboa mpunga, na mchele uliotoka kwenye mikono yake ulikuwa mweupe kama pamba, hauna chuya, hauna chenga, hauna hata vumbi. Watu walipita mashine mbili njiani ili wafike kwake. Na leo Pamba alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, suruali imekunjwa hadi gotini, muuguzi wa miwani akiugeuza mguu wake kama mtu anayechagua kiazi sokoni.

Sukari ilikuwa kumi na sita. Daktari alieleza bila kupamba. Sukari isiposhuka, kidonda hakitafunga. Kisipofunga, kidole kitakwenda, na kidole kikienda mara nyingi hakiendi peke yake. Pamba alisikia yote, lakini akilini aliona kitu kimoja tu, ile ngazi ya chuma ya kupandia kwenye mdomo wa mashine, vidato kumi na viwili, na yeye yuko chini.

Muuguzi akaendelea na mengine. Vidonge asubuhi na jioni. Mboga nyingi, maharage, kutembea kidonda kikishapona. Wali upungue, na huo kidogo uwe wa mchele wa kahawia, ule usiong'arishwa.

"Yaani wenye pumba zake," Pamba alisema.

"Huo huo, mzee. Uzuri wote uko kwenye hizo pumba."

Pamba aliitazama mikono yake. Pumba hizo ndizo alizokuwa akizitoa miaka yote, na aliyezinunua alikuwa mfugaji mmoja wa kuku. Ilikuwa kama kumwambia kinyozi akaokote nywele sakafuni awarudishie wenyewe.

*

Sufuria ya umeme ililetwa na binti yao. Alikuwa mfuaji wa hospitali kubwa, mikono yake imekwajuka kwa dawa za kufulia, na hakuwa na mazoea ya kuzungumza habari za kazi yake. Alifika na boksi kifuani, akalifungua mezani, akatoa chombo cheupe cha duara chenye kifuniko cha kubana, vitufe vitano na kidirisha kidogo cha tarakimu. Ndani mlikuwa na sufuria nyepesi yenye mistari ya maji, safu mbili, moja ya mchele mweupe na nyingine ya mchele wa kahawia. Kulikuwa pia na kikombe cha kupimia, kidogo kuliko kikombe cha chai.

Pamba aliuona waya wa kuchomeka ukutani, akasema alikuwa hajasikia wali unaopikwa na ukuta. Mkewe alicheka. Binti hakucheka.

"Baba, mimi nafua mashuka ya wodi ya upasuaji," alisema. "Walioingia kwa ajali nawajua kwa mashuka yao. Na walioingia kwa msumari nawajua."

Akaanza kuosha kikombe cha kupimia.

Siku ya kwanza wali uliharibika. Mama mtu hakuwa tayari kuamini mistari. Alipima maji kwa kidole, pingili ya kwanza juu ya mchele, kama alivyopima tangu anaolewa, halafu akabonyeza kitufe cha kwanza alichokiona. Binti alimwambia kidole hakifai hapo. Akajibiwa kwamba kidole hicho kimemlisha tangu hajaota meno. Baada ya dakika arobaini sufuria ililia kwa mlio mwembamba kama wa ndege, wakafunua, na wali ulikuwa umekauka juu, mgumu ndani. Walisali, wakala. Ulisikika mlio wa kutafuna tu, kama mbuzi watatu zizini.

"Mke wangu," Pamba alisema mwishowe, "wali huu unanitafuna mimi."

Kesho yake wakafuata kitabu cha maelekezo kilichokuja na sufuria, binti akiwasomea. Vikombe viwili vidogo, maji hadi mstari wa pili wa safu ya kahawia, kitufe cha tatu. Kidirisha kikaandika tisini, kikaanza kurudi nyuma dakika moja moja. Mama mtu alikaa mbele ya sufuria robo saa nzima akiingoja ikosee. Kufunua hakuruhusiwi, kukoroga hakuna, moto hauonekani. Kwake ilikuwa kama kumpeleka mtoto shule ya bweni. Lakini kilipofika sifuri na kifuniko kikaachia, harufu iliyotoka ilikuwa kama ya karanga zinazokaangwa, na punje zilikuwa zimepasuka kidogo ubavuni, laini, kila moja na mwili wake.

"Haina ukoko," Pamba alisema, akichungulia chini. Hiyo ndiyo sifa pekee aliyoitoa.

Mkewe yeye aligundua jambo jingine, na kwa wiki nzima hakumwambia mtu. Alikuwa amejiandikisha darasa la jioni la watu wazima wanaojifunza kusoma, na kila siku alifika amechelewa, kwa sababu wali hauachwi peke yake. Sasa alibonyeza kitufe saa kumi na moja, akajifunga vizuri, akaenda. Kwa mara ya kwanza alimkuta mwalimu hajaandika hata tarehe ubaoni. Alimshukuru Mungu kwa chombo kile, akamwombea na aliyekibuni, popote alipo.

*

Kazini hawakujua habari za sukari. Pamba aliwaambia amekanyaga msumari, na hilo lilikuwa kweli. Ukweli nusu una mguu mmoja, lakini unatembea.

Mchele wa kahawia ulinunuliwa dukani, kwa pakiti ndogo za kilo moja, kwa mshahara wa binti, na bei yake ilimfanya mama mtu afungue pakiti kwa mkasi asimwage punje. Hapo kwenye mashine palikuwa na mkono wa chuma usiozidi urefu wa kijiko. Pamba akiushusha, mpunga ungevuliwa maganda tu, ukapita pembeni ya king'arishi kinachosugua pumba, ukatoka nazo, bila gharama yoyote. Lakini kuushusha mbele za watu kungekuwa kutangaza ugonjwa wake. Kwa hiyo binti aliendelea kununua.

Na msimu ulikuwa umeanza. Hapo palikuwa na desturi yao. Kila mzigo wa mpunga ulipofika, kabla haujakobolewa wote, walikoboa kibaba kimoja, wakakipika kwenye jiko dogo la makaa nyuma ya banda, na sahani ya wali mweupe mtupu ikaletwa kwa Pamba. Mkulima alisimama upande huu, mnunuzi upande ule. Pamba alikula kimya. Akiimaliza sahani, mchele ni mzuri na bei inasimama. Akibakiza, hata matonge mawili, mnunuzi anakohoa kidogo na bei inaanza kuteremka. Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini watu walisomesha watoto kwa sahani hiyo. Zamani Pamba aliwahi kuumwa jino akabakiza nusu, na mjane mmoja akauza magunia sita kwa bei ya chakula cha mifugo. Tangu siku hiyo hakubakiza tena.

Siku za msimu zilikuwa sahani tatu, nne, nyingine tano. Naye hakuziita chakula. Mpishi anayeonja chumvi hasemi amekula. Mchana alifungua bakuli alilofungiwa na mkewe, wali wa kahawia kiasi cha ngumi, maharage, mboga za majani, akafumba macho na kumshukuru Mungu kwa kumpa nguvu ya kutii.

"Mzee Pamba, mbona siku hizi chakula chako kimeungua?" aliuliza mshona magunia. Huyo walimwita Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"Mke wangu amenunuliwa sufuria mpya," Pamba alisema. "Bado hajaizoea."

Wakacheka. Mama Kuku, yule mnunuzi wa pumba, alikuwa amekuja kuchukua magunia yake. Aliinama akachungulia bakuli, akamtazama Pamba, akachungulia tena.

"Shemeji, miaka kumi na minane nanunua pumba hapa," alisema. "Sijawahi kumpeleka kuku wangu kliniki."

Walicheka zaidi, na Pamba akacheka kuwashinda wote. Ndani ya kiatu, bandeji ilikuwa imeloa.

*

Wiki sita zilipita, wakarudi kliniki. Benchi lilikuwa limejaa, watu kumi na mmoja, na meza ya muuguzi ilikuwa hapo hapo mbele ya benchi, maana chumba kilikuwa kimoja. Siri ya mtu iliishia pale sauti ya muuguzi inapoishia.

Sukari ilikuwa kumi na nane. Kidonda, kilichokuwa kama kifungo cha shati, sasa kilikuwa kama kifungo cha koti. Muuguzi alivua miwani akajifuta macho. Tangu alfajiri alikuwa hajakaa. Hakumgeukia Pamba, alimgeukia mwanamke.

"Mama, unampikia nini huyu mzee?"

Akaeleza. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama mtu anayejibu darasani: vikombe viwili vidogo, mstari wa pili, kitufe cha tatu, dakika tisini. Alieleza na maharage.

"Mama yangu, kipimo hakisemi uongo," alisema muuguzi. "Hapa mnatuambia kahawia, nyumbani mnapika mnachokijua. Mnawapenda waume zenu kwa mwiko. Siku mguu ukikatwa, mnakuja kulia kwangu."

Mtu mmoja kwenye benchi alisonya. Mwingine akasema, taratibu lakini si taratibu sana, kwamba wanawake ndio wanaoua.

Mwanamke alimgeukia mumewe. Mara moja tu, bila kumwomba kitu, kama unavyomgeukia shahidi aliyeona. Pamba alikuwa anatazama ukutani. Palikuwa na bango la kunawa mikono, na alilikodolea macho kama atakayetahiniwa, bila kusoma hata herufi moja.

"Nitajitahidi zaidi," mkewe alimwambia muuguzi.

Walipewa karatasi ya kuonana na daktari wa upasuaji baada ya wiki tatu. Njiani alitembea nyuma ya mumewe hatua mbili, kwa sababu Pamba alichechemea na yeye alitaka kuona mguu unavyokanyaga.

*

Mkewe hakugomba. Angegomba, Pamba angepata pa kushika. Alifika nyumbani akaiosha sufuria ya umeme, ndani na nje, akakiinua kikombe cha kupimia kwenye mwanga kuona kama kina ufa. Jioni alimwomba binti asome kitabu upya, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, hata ule wa namna ya kuchomeka waya. Akapunguza wali hadi vijiko vitatu. Akaacha chumvi. Na saa kumi na moja, alipokwisha kubonyeza kitufe, alivuta kigoda akakaa mbele ya sufuria. Hakwenda darasani. Siku ya pili hakwenda, wala ya tatu. Dakika zote tisini alikaa akiichunga, daftari lake limefungwa mapajani.

Pamba alimwona kila siku. Na kila siku, huko kwenye mashine, sahani zililetwa, naye akazimaliza.

Ijumaa alfajiri aliamka kuchukua maji, akamsikia mkewe jikoni. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, mgongo mlangoni, sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na jirani juu ya ua.

"Baba Mwenyezi, kama ni mkono wangu unaomdhuru, nionyeshe. Pengine nakosea kupima. Pengine ni ujinga wangu wa kutosoma. Usimwadhibu yeye kwa mkono wangu. Nionyeshe tu nilipokosea, nami nitaacha."

Pamba alisimama na kikombe mkononi. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa sala, alijua vitabu vyake, alijua kuinama na kuinuka. Lakini wiki zote hizo alikuwa amemwambia Mungu habari za bakuli la mchana tu, habari za sahani hakumwambia. Na sasa alisikia Mungu akiulizwa swali ambalo jibu lake lilikuwa limesimama mlangoni, limeshika kikombe.

"Si mkono wako," alisema.

Mkewe hakugeuka mara moja. Alimaliza, akasema amina, ndipo akageuka.

Akamwambia yote, amesimama, kwa sababu aliona kukaa ni kujionea huruma. Desturi ya sahani mkewe aliijua, lakini sikuzote alidhani ni kijiko, ncha ya kijiko, kama yeye anavyoonja mchuzi.

"Ngapi kwa siku?"

"Tatu. Nne. Jumanne zilikuwa tano."

"Sahani nzima?"

"Lazima niimalize. Nikibakiza, mtu anaumia."

Nje jogoo wa jirani aliwika, akapumzika, akawika tena. Halafu mwanamke alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha, akajifuta uso kwa upindo wa nguo.

"Wewe fundi wa kibaba," alisema. "Haba na haba hujui inajaza nini?"

Pamba aliweka kikombe chini.

"Nilikuwa namwomba Mungu anionyeshe mkono wangu. Kumbe alikuwa anaungoja ulimi wako."

Pamba akamwomba msamaha. Mkewe alisema amesikia. Pamba akaomba tena, na mkewe akainuka, akashika kiuno.

"Kuniomba msamaha jikoni ni rahisi, baba. Pale kwenye benchi walikuwa watu kumi na mmoja."

*

Ijumaa ilikuwa siku ya kliniki. Hawakuwa na miadi, lakini walikwenda, wakangoja hadi muuguzi alipoinua kichwa. Benchi lilikuwa na watu wengine, isipokuwa yule aliyesonya. Yeye alikuwepo, na hilo Pamba alilipokea kama haki.

Alisema kwa sauti ya mashineni, sauti ya mtu aliyezoea kuushinda mngurumo. "Muuguzi, siku ile ulimkosea mke wangu hapa, na mimi nilikusaidia kumkosea. Anapika kama mlivyomwelekeza, hata zaidi. Wali mweupe nilikuwa nakula mimi, kazini, sahani nne kwa siku. Nilikuwa hapa anasemwa, nikanyamaza."

Muuguzi alimtazama, halafu akamtazama mwanamke. Alifungua kinywa kama wa kumkaripia mzee, akaghairi. Akainuka, akazunguka meza, akamshika mwanamke mikono yote miwili.

"Mama, nisamehe. Nimeshawasema wengi hivyo. Sijui wangapi niliwaonea."

"Tumeshasameheana," mwanamke alisema. "Mtazame kidonda kwanza."

Kwenye benchi, yule aliyesonya alikuwa amepata shida ghafla na kamba ya kiatu chake.

*

Kutoka hapo walikwenda moja kwa moja kwenye mashine, mkewe akiwa amebeba sufuria ya umeme ndani ya kikapu. Mizigo miwili ilikuwa inangoja. Mkulima wa kwanza alikuwa mzee mwembamba mwenye magunia manane, na sahani yake ilikuwa tayari, moshi unapanda.

"Umechelewa, mzee Pamba," alisema Redio. "Wali unakulilia."

Pamba alipokea sahani. Aliinusa, akaigeuza kwenye mwanga, akamrudishia Redio.

Mkulima alibadilika uso. Mnunuzi alikohoa.

"Subirini," Pamba alisema. "Mpunga hauna kosa. Mimi ndiye mgonjwa. Nina kisukari, mguu wangu unaoza, na sahani hizi ndizo zinazouozesha."

Mashine ilikuwa imezimwa, kwa hiyo kila mtu alisikia. Hata Redio alinyamaza, jambo lililowashangaza waliomfahamu. Pamba alichukua punje tatu za mchele mbichi wa mzee yule, akaziuma moja moja kwa meno ya mbele, akasikiliza kila mlio, akatema. Alisugua kiganja cha mchele, akanusa.

"Umekauka vizuri. Umevunwa kwa wakati wake. Ukipikwa unajaa," alisema. "Miaka ishirini na tisa nimejua hivyo kabla sahani haijafika. Sahani ilikuwa ya kuwatuliza ninyi. Kuanzia leo atakula Redio. Yeye hanenepi wala haumwi, chakula chote kinaishia kwenye maneno."

Mnunuzi alimtazama mkulima, mkulima akamtazama Redio. Redio alikaa, akaipokea sahani kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhiwa mtoto, akaanza kula. Alimaliza hadi punje ya mwisho, akaifuta kwa kidole. Mnunuzi hakukohoa tena, na mzee mwembamba akapumua.

Ndipo Pamba alipopanda ngazi. Alipanda polepole, kisigino kwanza, mkewe akihesabu vidato kwa macho. Alimimina debe moja la mpunga wake mwenyewe, akawasha, akaushika ule mkono mdogo wa chuma mbele ya watu wote, akaushusha. Mchele ulitoka rangi ya mchanga.

"Pamba leo anatoa kazi nusu," mtu mmoja alisema kwenye foleni.

"Na kuku wangu je?" alisema Mama Kuku. "Mkianza wenyewe kula pumba, mimi nitawapa nini?" Lakini alikuwa tayari amesogea, amechota kiganja, anakitazama. Akamwuliza mkewe Pamba, kwa sauti ya chini, maji yanapimwaje.

Walichomeka sufuria kwenye soketi ya taa, nyuma ya magunia. Kidirisha kikaandika tisini. Kazi iliendelea, mzigo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaanza, na sufuria ilipolia watu watatu waligeuka kutafuta ndege. Pamba alikaa juu ya gunia, mkewe akampakulia kiasi cha ngumi, na maharage yaliyokuja kwenye bakuli. Alifumba macho. Safari hii alimwambia Mungu kila kitu, kwa hiyo ilichukua muda, na wali ukaanza kupoa.

Alitafuna kimya, taratibu, kama unavyotaka wali wenyewe. Redio alikuja akachuchumaa mbele yake.

"Haya, mzee. Umeonja, unasemaje?"

"Sijaonja," Pamba alisema. "Nakula."

*

Siku ya daktari wa upasuaji, sukari ilikuwa kumi na moja. Bado iko juu, muuguzi alisema, lakini sasa inajua njia ya kushuka. Kingo za kidonda zilikuwa zimeota nyama nyekundu. Daktari alikibonyeza kidole pembeni, na Pamba akashtuka. Daktari akamwuliza kama kimeuma. Kimeuma, alisema, na macho yalimjaa maji, na si kwa maumivu. Akaambiwa arudi baada ya mwezi, kidole kibaki kilipo kwa sasa.

Muuguzi alifungua daftari. Aliangalia benchi, akamwangalia mwanamke, halafu akamgeukia Pamba na kalamu yake.

"Mzee, unakula nini?"

Akaeleza, kwa mpangilio. Vikombe viwili vidogo. Mstari wa pili, safu ya kahawia. Kitufe cha tatu, dakika tisini, usifunue. Alieleza na maharage.

Mkewe hakuwa anasikiliza. Jioni nne mfululizo alikuwa amerudi darasani, na ukutani kulikuwa na lile bango. Alikuwa ameinua uso, midomo inacheza, kidole kikifuata hewani, neno baada ya neno. Alifika mwisho, akatabasamu peke yake, akarudi juu kuanza tena.

"Nawa," alisoma. "Nawa mikono."